Geti Halilipi: Hesabu ya Kwanza Anayokosea Dereva Mpya wa Lori

Dereva mpya wa masafa marefu hupiga hesabu zake kabla hata hajakabidhiwa ufunguo. Anachukua kasi ya lori, tuseme kilomita 80 kwa saa, anaizidisha kwa saa 11, ambazo ndizo sheria ya Marekani inazomruhusu dereva wa mizigo kushika usukani kwa siku, anapata kilomita 880. Anazidisha tena kwa malipo ya kila kilomita, kisha kwa siku za wiki, na akifika hapo nyumba imeshaezekwa. Kuzidisha hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba siku nzima itakuwa ya kuzidisha.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Sheria ile ile inayompa saa 11 za usukani inamtaka azimalize ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, na hizo 14 zikishaanza kuhesabiwa, kwa kawaida hazisimami kwa ajili ya foleni wala geti lililofungwa. Anafika ghalani asubuhi na mapema, anakuta malori manane yamemtangulia, anapakiwa baada ya saa nne. Zimebaki kumi. Nusu saa ya kukagua gari, nusu saa ya kujaza mafuta, nusu saa ya mapumziko ya lazima, zimebaki nane na nusu. Barabara nayo ina milima, miji na matengenezo, kwa hiyo wastani wake si 80, ni 70. Jumla kilomita 595. Karibu theluthi ya kipato cha siku imeyeyuka na hakuna uzembe wowote alioufanya.

Wachumi Mitchell Hoffman na Stephen Burks waliwafuatilia madereva wapya wa kampuni moja kubwa nchini Marekani, wakiwauliza wiki hadi wiki wanategemea kwenda maili ngapi, kisha wakalinganisha majibu na maili walizokwenda kweli. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020, madereva walijikadiria juu kuliko uhalisia, na kosa hilo halikwisha upesi. Lilipungua polepole mno, kama mtu anayezoea giza. Lakini kilichonivutia zaidi ni jambo la pili waliloliona: aliyejikadiria juu zaidi ndiye aliyekuwa mzito kuacha kazi. Kampuni zinazogharamia mafunzo ya udereva kwa mkataba wa kutumikia muda fulani zinajua thamani ya jambo hilo. Kwa maneno mengine, matumaini ya mgeni ni sehemu ya mtaji wa kampuni, ingawa hayaandikwi kwenye mizania.

Ndiyo maana sikubaliani na namna maisha ya dereva mpya yanavyosimuliwa kwa kawaida, kana kwamba mtihani wake mkubwa ni gia, rivasi na upweke. Hivyo vyote vipo. Lakini swali linaloamua kama mtu atadumu mwaka ni nani anazilipa saa ambazo magurudumu hayazunguki. Na jibu lake linaingia hadi kwenye breki.

Tuanze na breki basi. Lori la tela lililojaa hufikia tani 40 katika sehemu kubwa ya Ulaya, na karibu tani 36 kwenye barabara kuu za Marekani; gari dogo la familia halifikii tani mbili mara nyingi. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 ukafika 100 kwa saa, kasi imepanda kwa robo, ila nguvu ambayo breki zitalazimika kuimeza imepanda kwa zaidi ya nusu. Breki nazo huimeza kwa njia moja tu, kuigeuza joto. Mgeni anayeteremka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedali muda wote huzipasha moto dramu mpaka zinaacha kushika. Anakanyaga zaidi, lori linazuilika kidogo zaidi, na harufu ya kuungua inamfikia wakati ameshachelewa. Wazoefu huchagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza na kuiacha injini ifanye kazi ya kuzuia, breki zikisaidia kwa vipindi. Katikati ya mteremko si mahali pa kubadili mawazo. Ukiitoa gia huenda isirudi.

Halafu kuna upepo. Breki za lori kubwa huendeshwa na hewa, na hewa hiyo lazima isafiri kwenye mipira mpaka magurudumu ya nyuma kabisa. Ucheleweshaji wake ni kama nusu sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa, nusu sekunde ni mita 11 ambazo lori limekwenda baada ya mguu kukanyaga na kabla breki haijashika. (Watu wengi hudhani upepo ukiisha kabisa breki zinapotea. Ni kinyume chake: ukishuka sana, springi zilizokuwa zimezuiwa na hewa hiyo hufunga magurudumu. Hatari iko katikati, upepo unapopungua na dereva hatazami geji.)

Lori tupu nalo lina hila zake. Mgeni hulifurahia kwa wepesi wake, asijue kwamba breki, springi na matairi vimeundwa kubeba uzito. Tela tupu hurukaruka, magurudumu hujifunga upesi, na kusimama kwake kunaweza kuchukua umbali mrefu kuliko alivyotarajia. Tangi lililojaa nusu ni mwalimu mkali zaidi: lori limesimama, mzigo bado unakwenda, na wimbi la kimiminika likigonga ukuta wa mbele linaweza kulisukuma gari mpaka katikati ya makutano.

Na rivasi, ambayo kila mgeni huiota usiku. Tela huelekea kinyume cha usukani, kwa hiyo mkono uliozoea gari dogo hukosea, kisha hujisahihisha kupita kiasi, na tela linajikunja mithili ya kisu cha kukunja. Dawa yake haina ujanja: simama, shuka, zunguka, tazama, panda, jaribu tena. Mara tatu, mara tano ikibidi, hata kama malori mengine yanangoja na mtu wa forklifti amekunja mikono.

Kila ujuzi niliouorodhesha hapo juu ni ujuzi wa kwenda polepole. Gia ndogo, nafasi kubwa kati yako na gari la mbele, kushuka na kuangalia, kukagua matairi na mikanda ya mzigo kabla ya kuondoka. Mwalimu mzuri wa udereva wa malori anafundisha uzito wa mkono. Siku ya mshahara inafundisha kitu kingine: kilichohesabiwa ni umbali. Dakika ishirini za kuteremka mlima kwa gia ndogo hulipwa kidogo kuliko dakika ishirini za kukimbia, na dakika ishirini za kurudi nyuma kwa uangalifu hulipwa sawa na dakika ishirini za kulala. Mwanafunzi amewekwa kati ya walimu wawili, na mmoja wao ndiye anayelisha familia yake.

Usingizi unaingia hapo. Mwili wa binadamu una vipindi viwili vya kuzimika: kati ya saa nane usiku na alfajiri, na kile kidogo cha alasiri baada ya saa nane mchana. Dereva hapangi ratiba yake kwa kufuata vipindi hivyo, anapangiwa na geti. Mtu aliyeahidiwa kupakiwa asubuhi akapakiwa jioni anaanza safari wakati mwili wake unafunga duka. Kisheria huenda bado ana saa za kuendesha. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini vibaya kama mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho wa kuruhusiwa kuendesha. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na haifuti deni, inaliahirisha. Kulala ndani ya kebini kunasaidia, ila mtu aliyeamshwa ghafla na simu ya mratibu kwamba nafasi ya kupakua imepatikana huwa na dakika kadhaa za uzito wa akili, na zile ndizo dakika anazoanza kurudi nyuma kwenye uwanja uliojaa watu.

Upweke nautaja kwa kifupi, kwa sababu umesemwa sana. Nitaongeza moja tu: kinachoumiza zaidi ya umbali ni kutotabirika. Mtu anayejua atarudi Ijumaa anaweza kuahidi. Dereva mpya hupewa safari zilizobaki baada ya wazoefu kuchagua, na anajifunza mapema kutomwahidi mtoto siku.

Sasa kwa nini kulipa kwa umbali? Zamani hoja ilieleweka. Tajiri aliyebaki ofisini hakuwa na njia ya kujua kama dereva wake amekwama kwenye foleni au amelala chini ya mti. Kitu pekee kilichokaguliwa bila ubishi kilikuwa umbali, kwa hiyo umbali ukawa kipimo. Nchini Marekani sheria nayo ilisaidia kuujenga utaratibu huo: sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 iliwaacha madereva wa malori yanayovuka majimbo nje ya haki ya malipo ya saa za ziada, na mpaka leo wako nje. Mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo likafungua soko la usafirishaji, kampuni mpya zikamiminika, nauli zikashuka. Aliyeagiza mzigo akapata bei nafuu na ruhusa ya kimya ya kumweka dereva getini. Desturi ya biashara huko ni kwamba saa mbili za mwanzo za kungoja ni za bure. Fidia, kama ipo, huanza kuhesabiwa baada ya hapo, na humfikia msafirishaji kabla ya dereva, ikiwa itamfikia.

Lakini tajiri wa leo anaona. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya Marekani yanalazimika kuwa na chombo cha kielektroniki kinachorekodi saa za dereva kikiwa kimeunganishwa na injini. Ulaya ina takografu, chombo kinachorekodi muda wa kuendesha na wa kupumzika, na zile za kizazi kipya zilizoanza kufungwa kwenye malori mapya mwaka 2019 hurekodi hata mahali gari lilipo. Ofisi inajua lori limesimama wapi, tangu saa ngapi, injini ikiwa imewashwa au imezimwa. Ile sababu ya kutoona imekufa, kipimo chake kimebaki hai. Kwa hiyo kulipa kwa umbali peke yake sasa ni uamuzi, na wenye uamuzi waulizwe.

Chombo chenyewe kimeleta sura nyingine. Enzi ya daftari la karatasi, madereva wengi waliimeza hasara ya geti kwa kuandika uongo: saa nne za kungoja ziligeuzwa kuwa mapumziko, safari ikaendelea. Ulikuwa uongo wa hatari na sina hamu nao. Ila chombo kilipouziba mwanya huo, saa zilizopotea zikawa zimepotea kweli, na dereva akabaki na njia moja tu ya kuzifidia, mguu wa kulia. Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller walipochunguza yaliyofuata, waliona utii wa sheria ya saa umepanda, ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, na makosa ya uendeshaji wa hatari, kasi ikiwemo, yaliongezeka miongoni mwa wasafirishaji wadogo. Mwezi mmoja tu baada ya sheria ya chombo hicho kuanza, Januari 2018, ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya usafirishaji ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba wastani wa muda wa kukaa getini ukiongezeka kwa dakika 15, kiwango kinachotarajiwa cha ajali hupanda kwa asilimia 6.2, na kwamba kucheleweshwa huko huwapunguzia madereva wa malori ya kukodi kipato cha dola bilioni 1.1 hadi 1.3 kwa mwaka. Hizo ni saa za watu waliokaa kwenye kebini wakitazama mlango wa ghala, ambalo mara nyingi hata choo chake hawaruhusiwi kukitumia.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo mapema. Kanuni yake ya mwaka 2006 inaweka saa tisa za kuendesha kwa siku, kumi kwa siku mbili za wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Kifungu chake cha 10 ndicho ningependa kila dereva mpya akisome: kinakataza malipo yanayofungwa kwenye umbali au kiasi cha mzigo, pale malipo hayo yanapohatarisha usalama barabarani au kuchochea kuvunja sheria. Mwaka 2020 kikaongezewa makatazo ya malipo yanayofungwa kwenye haraka ya kufikisha mzigo, na katika marekebisho hayo hayo ikakatazwa kupumzika mapumziko kamili ya wiki, ya saa 45, ndani ya gari. Sidai kwamba maandishi yamewafikishia madereva wote wa Ulaya kitanda cha hoteli. Lakini kule angalau mtunga sheria ameandika kwamba namna ya kulipa ni suala la usalama. Kabla ya kanuni hiyo, mwaka 1979, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba namba 153 kuhusu saa za madereva, saa tisa kwa siku na 48 kwa wiki. Nchi chache tu zimeuridhia.

Upande wa pili, wa wanaopinga sheria kupanga malipo, una hoja, na Australia ndiko ilikoonekana vizuri. Mwaka 2012 nchi hiyo iliunda baraza la kupanga malipo ya madereva kwa lengo la usalama. Mwaka 2016 baraza lilipoamuru kima cha chini kwa madereva wenye malori yao, waliopinga kwa kelele kubwa walikuwa madereva hao hao. Waliogopa kwamba wateja wangewakimbia na kuwapa kazi kampuni kubwa, ambazo amri haikuzibana namna ile. Baraza likavunjwa mwaka huo huo. Mwaka 2024 Bunge likarudi kwenye suala hilo kwa sheria nyingine, inayoipa tume ya kazi uwezo wa kuweka viwango vya chini katika usafirishaji wa barabara. Somo ninalolipata humo ni la kiufundi zaidi kuliko la kisiasa: ukimlazimisha msafirishaji peke yake kulipa saa za geti, umemfunga aliye katikati na kumwacha mwenye geti. Anayeweza kupunguza foleni ni mwenye ghala, na hatapunguza kitu ambacho hakimgharimu.

Hapo ndipo kilio cha kampuni kwamba kuna uhaba wa madereva kinaponishinda. Kampuni kubwa za Marekani zinazobeba mizigo ya lori zima zimekuwa kwa miaka mingi na kiwango cha mabadiliko ya madereva kinachokaribia au kuzidi asilimia 90 kwa mwaka. Kampuni yenye madereva elfu moja huajiri karibu mia tisa kila mwaka ili ibaki na elfu moja. Ndoo inayovuja haiitwi uhaba wa maji. Na wanaoondoka ni wageni zaidi kuliko wazoefu, katika miezi ile ile ambayo hesabu ya kilomita 880 inakutana na kilomita 595. Mzoefu yeye anajua maghala ya kukataa, anajua saa ya kufika, ana namba ya simu ya mtu wa zamu. Mgeni anajifunza hayo yote kwa saa zake mwenyewe zisizolipwa. Hiyo ndiyo karo ya shule hii, na haimo kwenye mkataba.

Kwa anayeanza kesho, ushauri wangu ni mdogo na unahusu karatasi. Katika usaili, swali la malipo ya kila kilomita liachwe la mwisho. Kwanza uliza dereva wa kawaida wa kampuni alikwenda umbali gani wiki iliyopita, wala si dereva bora; uliza kungoja kunalipwaje, kuanzia saa ya ngapi, na nani hufuatilia malipo hayo kwa mteja. Anayejibu "inategemea" ameshajibu. Ukiajiriwa, nunua daftari. Ukifika getini, kabla ya kuuliza utapakiwa lini, andika saa uliyofika, omba mlinzi aweke sahihi, na andika saa uliyotoka. Chombo kwenye dashibodi kinarekodi hayo pia, lakini kumbukumbu zile zinakaa kwenye kompyuta ya ofisi. Daftari linakaa na wewe kwenye kebini.